Ndege nyuki na usalama wa anga la Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wapiga picha wa harusi, vijana wanaorusha droni jioni pale Capri Point, wavuvi wa Igombe, na wazazi wanaotaka kujua kama zawadi waliyomnunulia mtoto ni kichezeo au ni chombo cha anga. Anayejibu ni mrushaji wa burudani, kwa hiyo asitazamiwe kuzichukia droni. Hata hivyo amekaa jirani na kiwanja cha ndege kwa muda wa kutosha kujua kwamba mzozo huu una pande mbili zenye hoja. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kuelekeza kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Ndege nyuki ni nini, na ya burudani inatofautianaje na ya kazi?

Ndege nyuki, au droni kama wengi wanavyoiita, ni chombo kinachoruka bila mtu ndani yake, kikiongozwa na mtu aliye chini kwa remoti au kikifuata njia iliyopangwa mapema kwenye programu. Jina la nyuki limetokana na mvumo wa propela zake, na aliyewahi kusimama karibu na moja ikiinuka hahitaji maelezo zaidi.

Tofauti kati ya burudani na kazi haimo kwenye chombo bali kwenye matumizi yake. Droni ile ile iliyorushwa Jumapili kwa kujifurahisha huwa ya kazi Jumamosi inayofuata mpiga picha anapolipwa kurekodi harusi. Kwa rubani wa ndege ya abiria tofauti hiyo haina maana yoyote, na hapo ndipo mvutano unapoanzia: sheria huuliza unarusha kwa nini, ilhali anga huuliza uko wapi na uko juu kiasi gani.

2. Kwa nini mnara wa kuongozea ndege usumbuliwe na kitu kisichofika hata kilo moja?

Kwa sababu ya mwendo. Nguvu ya mgongano hukua kwa mraba wa mwendo, maana yake ni kwamba mwendo ukiongezeka maradufu, pigo huongezeka mara nne. Ndege ya abiria inayokaribia kutua huenda takriban mita 65 kwa sekunde. Hapo uzito wa droni si hoja tena, kwa kuwa ni ndege inayoifuata droni, wala si droni inayoifuata ndege.

Jambo la pili ni kuonekana. Droni yenye upana wa sentimita 30, ikiwa umbali wa kilomita moja, machoni pa rubani ni kama nukta ya kalamu iliyoshikwa umbali wa mita moja. Kilomita hiyo huisha kwa sekunde kama 15, na katika sekunde hizo rubani anatazama vipimo, anasikiliza mnara na kuutafuta mwanzo wa njia ya kutulia. Anayesema “rubani si ataiona akwepe” hajawahi kulifikiria jambo hili kutoka upande wa pili wa kioo.

3. Nani mwenye mamlaka juu ya anga la Mwanza?

Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, yaani TCAA, ndiyo inayosimamia usalama wa anga na kuongoza ndege. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege huendesha viwanja vyenyewe. Masuala ya ulinzi yanapitia Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Mzizi wa yote ni Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao katika kifungu chake cha 8 ulikataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi yoyote bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kumbe mjadala huu umetangulia miaka mingi kabla ya droni ya kwanza kuuzwa dukani.

Mmiliki wa kiwanja cha nyumba hamiliki anga lililo juu yake. Wengi hushangazwa na hili wanapoambiwa kwamba kurusha “uani kwangu” hakuwaondolei wajibu wowote.

4. Je, nahitaji kibali hata kama droni ni ndogo na ni ya kujifurahisha tu?

Ndiyo. Tanzania ina kanuni za usafiri wa anga zinazohusu ndege zinazoongozwa kutoka mbali, zilizotungwa mwaka 2018, na chini yake mrushaji hupitia TCAA pamoja na kupata idhini ya kiusalama kutoka Wizara ya Ulinzi. Ada na fomu hubadilika, kwa hiyo ulizia TCAA wenyewe. Usitegemee karatasi ya rafiki aliyoipata miaka mitatu iliyopita. Kama utaratibu huu ni wa haki kwa mtu wa burudani ni suala lingine, nalo limejibiwa katika swali la 12.

## Urefu na umbali

5. Kikomo cha mita 120 kinahesabiwa kutoka wapi?

Hili ndilo swali ninalotamani kila mrushaji wa Mwanza alielewe kabla ya mengine yote, kwa sababu jiji letu ni la miamba na vilima, na vilima hudanganya.

Mita 120, sawa na futi 400, ni urefu juu ya ardhi au maji yaliyo chini ya droni. Lakini namba unayoiona kwenye skrini si hiyo. Droni nyingi za burudani hupima urefu kuanzia pale zilipoinukia, na hapo huandika sifuri. Ukirushia ufukweni, sifuri yako ni usawa wa ziwa, na namba ni ya kweli kadiri unavyobaki juu ya maji. Ukirushia juu ya kilima, sifuri yako imepanda nawe kilimani.

Tuchukue kilima kinachosimama mita 90 juu ya ziwa. Unasimama juu ya jiwe, unapandisha droni hadi skrini iandike 120, kisha unaisukuma mbele ikapige picha ya machweo juu ya maji. Skrini bado inasema 120, na wewe moyoni u mtiifu wa sheria, lakini droni iko mita 210 juu ya ziwa. Hukuigusa fimbo ya kupandisha hata kidogo. Ni ardhi iliyoondoka chini yake. Wengi wa wanaovunja kikomo hapa Mwanza, kwa maoni yangu, hawavunji kwa ukaidi bali kwa jiografia.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kurusha, kadiria mahali uliposimama pako juu ya ziwa kiasi gani, kisha utoe kiasi hicho kwenye 120. Kwenye kilima chetu cha mfano inabaki 30, na hiyo ndiyo namba ambayo skrini isiivuke ukiwa juu ya maji.

6. Nikiwa kilomita ngapi kutoka kiwanjani niko salama?

Kiwanja cha ndege cha Mwanza kiko Ilemela, kando ya ziwa, takriban kilomita 10 kaskazini mwa katikati ya jiji. Ndege inayotua kwa kawaida huteremka kwa mwinamo wa nyuzi 3, ambao ni kama mita 52 kwa kila kilomita, na huvuka mwanzo wa njia ikiwa kama mita 15 juu yake. Ikiwa kilomita 2 kabla ya kufika, ipo mita 120 hivi juu ya kiwanja. Ikiwa kilomita 5, ipo karibu mita 277.

Sasa rudi kwenye kilima cha swali la 5. Kiwanja chenyewe kiko juu ya ziwa kwa mita chache tu, kwa hiyo droni yetu ya mita 210, ikiwa kwenye mstari ambao ndege huufuata ikiteremka, inakutana uso kwa uso na ndege ikiwa kama kilomita 3 na nusu kabla ya kiwanja. Uingereza ilikuwa na eneo la katazo la kilomita 1 kuzunguka viwanja, na Machi 2019 ikalipanua, huku mistari ya njia za kurukia ikirefushwa hadi kilomita 5. Hesabu hiyo inaonyesha ni kwa nini kilomita 1 haikutosha.

Hata hivyo usiutegemee umbali peke yake. Ndege ndogo ziendazo Serengeti au visiwani hazifuati mwinamo wa ndege kubwa, na helikopta, hasa nyakati za kampeni, hutua popote penye uwanja wa mpira. Kama una nia ya kurusha upande wa Ilemela, kibali kitaje mahali na saa, na mnara uwe na taarifa.

7. Skrini inanionyesha kila kitu. Kwa nini nilazimike kuiona droni kwa macho?

Kamera hutazama mbele au chini. Haikuonyeshi ndege inayotokea nyuma wala ya ubavuni. Macho yaliyo chini, pamoja na masikio, huona anga zima linaloizunguka droni. Rafiki anayesimama kando yako kutazama anga huku wewe ukitazama skrini ana thamani kuliko betri ya ziada.

8. Programu ya droni si itanizuia yenyewe nikikaribia kiwanja?

Zamani wengi walilitegemea jambo hilo. Kampuni ya DJI, ambayo droni zake ndizo nyingi mikononi mwa watu, iliondoa kizuizi cha lazima barani Ulaya mwaka 2024 na Marekani Januari 2025, na badala yake programu hutoa onyo ambalo mrushaji anaweza kulipita. Wajibu umerudishwa kwa aliyeshika remoti. Aidha, ramani ya kampuni si sheria ya nchi: mahali ambapo programu haikuweka rangi nyekundu hapajawa huru kwa sababu hiyo.

## Mzozo wenyewe

9. Je, droni imewahi kweli kugonga ndege, au ni hofu tu?

Imewahi, na visa vilivyothibitishwa vinafundisha kuliko uvumi.

Tarehe 21 Septemba 2017, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya Black Hawk iligongana na droni karibu na Staten Island, New York. Ilitua salama, ubao mmoja wa panga lake ukiwa umebonyea, na kipande cha droni kikiwa kimenasa kwenye mwili wake. Mrushaji alikuwa ameipeleka droni mbali kuliko macho yake yalivyoweza kufika, na hakujua kama imegonga kitu mpaka wachunguzi walipomfuata. Alidhani imepotea majini. Oktoba ya mwaka huo huo, ndege ndogo ya abiria yenye watu 8 iligongwa karibu na jiji la Quebec, Kanada. Nayo ilitua salama.

Kisa cha tatu ni cha karibuni. Tarehe 9 Januari 2025, wakati moto mkubwa ukiteketeza vitongoji vya Los Angeles, ndege ya kuzima moto iliyokodishwa kutoka Quebec, ambayo huchota maji baharini na kuyamwaga juu ya moto, ilitobolewa bawa na droni. Mrushaji alikuwa amepanda juu ya jengo la kuegesha magari, akaituma droni umbali wa zaidi ya kilomita 2 kutazama moto, kisha asiione tena. Ndege ile iliwekwa chini siku kadhaa, katikati ya moto, na gharama ya matengenezo ilizidi dola 65,000. Mhusika alikiri kosa mahakamani.

Katika visa hivyo viwili, cha New York na cha Los Angeles, utaona kosa ni lile lile la swali la 7.

Ajali ya ndege iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, ambayo watu 19 kati ya 43 walipoteza maisha, haihusiani kabisa na droni. Ilitokea ndege ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Nimeitaja kwa sababu huulizwa, na kwa sababu si haki kwa marehemu wala kwa warushaji kuiingiza katika mjadala huu.

10. Mbona makorongo hayaombi kibali? Mwanza ina ndege wakubwa kuliko droni.

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini ni zito. Korongo mwenye kilo kadhaa anayezunguka juu ya soko la samaki la Mwaloni ni hatari ya kweli kwa ndege. Mwaka 2009 mabata bukini yaliziua injini zote mbili za ndege ya abiria ikatua mtoni New York. Ndiyo maana viwanja hufukuza ndege hai, hufyeka nyasi na kupiga kelele dhidi ya majalala ya jirani.

Tofauti ziko mbili. Ya kwanza ni ugumu. Utafiti wa vyuo vikuu uliofanywa kwa ajili ya mamlaka ya anga ya Marekani na kutolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba droni huumiza mwili wa ndege kuliko ndege hai wa uzito ule ule, kwa kuwa mota, betri na kamera havisambai kama nyama. Mwaka 2018 maabara moja ya chuo kikuu cha Dayton iliirusha droni ya karibu kilo moja kwenye bawa la ndege ndogo kwa kasi ya kilomita 380 hivi kwa saa, ikatoboa bawa na kuharibu mhimili wake. Ni haki kuongeza kwamba kampuni iliyotengeneza droni hiyo ilipinga jaribio, ikisema kasi ile haiakisi hali halisi. Tofauti ya pili ni kwamba korongo haliwezi kusoma ramani, nasi tunaweza.

11. Na lile la Gatwick? Si ilikuja kusemekana hapakuwa na droni?

Desemba 2018 kiwanja cha Gatwick, London, kilisimamisha safari kati ya tarehe 19 na 21 kwa taarifa za droni. Safari takriban 1,000 na abiria wapatao 140,000 waliathirika. Droni haikupatikana, na wenza wawili waliokamatwa waliachiwa bila mashtaka. Pande zote hukitumia kisa hiki: wadhibiti husema tazameni hasara, warushaji husema tazameni taharuki. Mimi naona funzo lake ni dogo zaidi: anga lisilo na namna ya kutambua nani amerusha nini hulazimika kuamini kila jicho linalosema limeona.

12. Kwa nini warushaji wa burudani wanalalamika, kama hatari ni ya kweli?

Kwa sababu malalamiko yao makubwa hayahusu hatari bali utaratibu. Kijana anayetaka kurusha droni nyepesi kuliko chungwa kubwa, juu ya mashua za babu yake, hupitia mlango mmoja na kampuni inayopima shamba la ekari elfu. Mlango huo una ofisi zaidi ya moja na subira nyingi. Wengine huona maombi yamekaa, harusi iko Jumamosi, wakanyanyua droni nyuma ya ukumbi na kuishusha upesi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sitauficha. Kanuni inayomfanya mtu ajifiche humpofusha mwongoza ndege. Mrushaji mwenye kibali anajulikana jina, mahali na saa. Aliyejificha hajulikani hata kidogo, na akiona jambo la hatari hatapiga simu kwa sababu atajishtaki. Dai la warushaji la kupata njia fupi kwa droni nyepesi, mbali na viwanja na chini ya urefu mdogo, ni dai la usalama, ingawa wao wenyewe mara nyingi huliwasilisha kama dai la uhuru na kwa hiyo hulipoteza.

Wadhibiti nao wana jibu, na si la kupuuzwa: ziwa hili lina mipaka ya nchi tatu, jiji lina maeneo ya ulinzi, na chombo chenye kamera hakiwezi kupimwa kwa uzito pekee. Hoja hiyo inatosha kudai usajili. Haitoshi, nionavyo, kueleza kwa nini usajili uwe mgumu.

13. Droni za chini ya gramu 250 si zimesamehewa?

Gramu 250 ni mstari uliochorwa nchi nyingine. Marekani ilianza kusajili droni kuanzia uzito huo Desemba 2015. Uingereza iliufuata, kisha ikaushusha hadi gramu 100 kuanzia Januari 2026. Watengenezaji walijibu kwa kutengeneza droni za gramu 249, na wauzaji wetu hulitangaza hilo kana kwamba ni msamaha wa Tanzania. Sivyo. Tena droni iliyotoboa bawa kule Los Angeles ilikuwa ya ukubwa huo huo. Wepesi hupunguza madhara ya kumwangukia mtu kichwani. Kwa ndege iliyo kwenye mwendo, rejea swali la 2.

14. Je, kuna nchi ambako wapenzi wa burudani walishinda?

Kwa muda. Nchini Marekani mpenzi mmoja wa ndege za mfano aliishtaki mamlaka ya anga, akitumia sheria ya mwaka 2012 iliyoikataza kutunga kanuni juu ya ndege za mfano. Mei 2017 mahakama ya rufaa ilimpa ushindi na usajili wa burudani ukafutwa. Desemba ya mwaka huo Bunge liliurudisha kwa sheria, na mwaka 2018 kinga yenyewe ikaondolewa. Ushindi ulidumu miezi saba.

15. Mbona droni za dawa ziliruhusiwa kwenda Ukerewe, na yangu hairuhusiwi kuvuka hata ghuba?

Mwaka 2018, kwa miezi sita, kampuni ya DHL pamoja na watengenezaji wa droni Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani, GIZ, walijaribu kupeleka dawa kisiwani Ukerewe kwa droni. Safari ya kilomita 60 kutoka bara ilichukua wastani wa dakika 40, ilhali njia ya barabara ni kilomita 240 na saa sita. Oktoba ya mwaka huo huo Mwanza iliandaa Lake Victoria Challenge, mashindano ya droni, ambapo droni ziliruka hadi kisiwa cha Juma.

Zile hazikuruhusiwa kwa sababu zilibeba dawa peke yake. Ziliruhusiwa kwa sababu njia, urefu na saa vilijulikana, na anga lilitengwa kwa ajili yake. Malawi ilifanya vivyo hivyo mwaka 2017 ilipotenga ukanda wa majaribio Kasungu, wenye nusu kipenyo cha kilomita 40. Sioni sababu ya kanuni kwa nini ufukwe mmoja wa Mwanza, mbali na Ilemela, usitengwe kwa burudani kwa namna hiyo, kwa saa maalumu na urefu wa mita 50.

## Mambo ya ziwani

16. Naweza kurushia kutoka mtumbwini?

Ukiwa na kibali, inawezekana, lakini jifunze kwanza kwa makosa ya mwingine. Niliwahi kurushia kutoka kwenye mtumbwi wa wavuvi wa dagaa nje ya Igombe. Mawasiliano yakakatika, na droni, kama ilivyoagizwa, ikarudi “nyumbani”. Nyumbani kwake palikuwa pale ilipoinukia, na mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa na upepo mita mia moja hivi. Tuliitazama ikishuka taratibu, kwa adabu kabisa, ikakaa juu ya maji na kuzama. Mzee aliyeshika kasia aliniuliza, “Sasa mwanangu, huyo nyuki wako haogelei?”

Programu nyingi huruhusu kuweka “nyumbani” iwe pale ilipo remoti. Iweke hivyo kabla ya kuinuka. Pia fahamu kwamba vihisi vya chini huchanganywa na maji yanayometameta, na droni iliyo karibu na mawimbi inaweza kushuka bila kuagizwa.

17. Upepo na wadudu wa ziwani wana shida gani?

Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka. Anayerusha kuelekea bara mchana huenda haraka na kurudi polepole, na betri haijui hilo. Wadudu wadogo wa ziwani, wale wanaopanda juu ya maji kama moshi, huganda kwenye kamera na kuingia kwenye mota. Ukiona wingu lao, shusha.

18. Naruhusiwa kurusha Saanane, juu ya harusi, au uwanjani siku ya mechi?

Saanane ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo kibali cha TCAA hakitoshi. Kinahitajika pia cha wasimamizi wa hifadhi, vivyo hivyo Rubondo. Juu ya umati wa watu, iwe harusi au uwanja wa CCM Kirumba, hatari kubwa haiko kwa ndege bali kwa vichwa vilivyo chini. Mpiga picha makini hurusha pembeni ya umati na kutazama ndani kwa pembe. Bwana harusi hataona tofauti kwenye video.

## Hali zisizo za kawaida

19. Nikisikia ndege au helikopta wakati droni iko juu, nifanye nini?

Shusha mara moja, moja kwa moja chini, bila kutafuta kwanza inatoka upande gani. Usiikimbize pembeni na usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kwa kuwa droni nyingi hupanda kwanza ndipo zirudi, na kupanda ndiko kusikotakiwa.

20. Droni imekatika mawasiliano na imeelekea upande wa kiwanja. Je, nikae kimya?

Hapana. Toa taarifa kwa TCAA au kituo cha polisi kilicho karibu, ukitaja mahali, saa, urefu wa mwisho ulioonekana, mwelekeo na kiasi cha betri kilichobaki. Kiasi cha betri ndicho kitakachomwambia mwongoza ndege azuie ndege kwa dakika tano au ishirini. Ndiyo, unaweza kuulizwa kuhusu kibali. Rejea swali la 12 kuhusu ni kwa nini swali hilo lisingepaswa kutangulia.

21. Nasafiri kwa ndege na droni yangu. Betri niziweke wapi?

Kwenye mzigo wa mkononi, kila moja ikiwa imefunikwa ncha zake. Betri isiyozidi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati kinachoandikwa juu ya betri) hubebwa bila idhini. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Betri za akiba kamwe zisiende kwenye mizigo ya chini. Mgeni anayekuja nayo kutoka nje ashughulikie kibali kabla ya kupanda ndege, si baada ya kutua.

22. Mimi ni mvuvi. Droni imenasa kwenye wavu wangu. Ni halali yangu?

Ni mali iliyopotea, kwa hiyo ipeleke kwa uongozi wa mwalo au polisi. Huenda picha zilizomo ndizo ushahidi wa ilikokwenda. Ila kabla ya hapo, iangalie betri. Iliyolowa inaweza kuwaka saa kadhaa baadaye, hata ikiwa imekauka nje. Usiichaji, usiifungue, na usiiweke chini ya kibanda pamoja na petroli ya injini. Iache juu ya jiwe au mchanga, mbali na dagaa walioanikwa, mpaka mwenye kuichukua afike.